"Run" sio kukimbia tu: jibu kwa dada anayelea wazee Uingereza

"Shikamoo mwalimu. Mi nipo Uingereza, mwaka wa kwanza huu, nafanya kazi kwenye nyumba ya kulea wazee. Kiingereza nilisoma mpaka form four na mtihani wa kuja huku nilifaulu, ila kuna neno moja linanimaliza, run. Juzi kiongozi wa zamu kaniambia 'run a bath' kwa bibi wa chumba cha mwisho, nikaenda mbio mpaka bafuni nikasimama pale nasubiri maelekezo. Kesho yake kwenye kukabidhiana zamu mtu akasema mzee fulani 'has got the runs', nikafurahi moyoni nikajua kaanza mazoezi, kumbe anaharisha. Kila siku nasikia 'running late', 'running low', 'run it by me', 'she runs the place', 'his nose is running'. Nimeanza kukariri orodha kwenye simu, nimefika maana ya 40 na naona ndo nachanganyikiwa zaidi. Kuna kanuni yoyote au ndo nikariri tu? Nina miaka 38, au kichwa ndo kimeshagoma?"

Marahaba mdogo wangu. Naomba unisamehe, hapo kwa mzee kuanza mazoezi nimecheka mpaka nimeweka simu chini. Ila nimecheka kama mtu aliyepita humo humo, na yangu ilikuwa mbaya kuliko yako, ntakusimulia mbele kidogo.

Unachouliza ni kama hili neno lina utaratibu wowote au ni fujo tu, ila naona chini yake kuna hofu kwamba umri umekutupa mkono, kwa hiyo nianze na hiyo. Kichwa chako hakijagoma. Umejikwaa kwenye kitenzi ambacho wenye lugha yao wenyewe kimewatoa jasho. Pale kwenye kamusi kubwa ya Oxford kuna mtaalamu anaitwa Peter Gilliver, alipewa kazi ya kuandika upya hilo neno moja, run, akakaa nalo zaidi ya miezi 9. Ilipotangazwa mwaka 2011 hesabu yake ilikuwa maana 645, na hapo ni kitenzi peke yake, hujagusa nomino. Kabla ya hapo neno lililokuwa linasifika kwa wingi wa maana ni set, run ikalipita. Sasa fikiria, mzungu, lugha ya mama yake, kazi yake ni maneno, miezi tisa mimba inatungwa mpaka mtoto anazaliwa yeye bado yupo na run. We una mwaka mmoja na zamu za usiku juu.

Kwa hiyo orodha ya kwenye simu ifute. Sio kwamba kukariri ni kubaya, kuna mambo mengine lazima ukariri tu na ntakuonyesha, ila orodha ya namba moja mpaka 40 inakufundisha kwamba hizo maana ni vitu 40 tofauti vilivyorundikwa gunia moja, na hilo sio kweli. Pia ukija kulisikia neno kazini hutakuwa na muda wa kupitia gunia.

Alafu tusiwacheke sana Waingereza. Hivi ushawahi kumwona mtu anayejifunza Kiswahili akikutana na piga? Anafungua kamusi anaambiwa piga ni kuchapa. Basi anasikia tunapiga simu, tunapiga pasi, tunapiga mswaki, tunapiga deki, tunapiga kura, tunapiga magoti kanisani, tunapiga miayo, na mtu akikata tamaa anaambiwa piga moyo konde. Nilishaulizwa na mwanafunzi mmoja, mbona nyie watu mnachapa kila kitu. Sikuwa na jibu la maana. We piga hukuikariri hata siku moja, na ukisikia mtu kapiga pasi hauoni picha ya mtu anaicharaza pasi makofi, kwa sababu sikio lako haliisikilizi piga peke yake, linaisikiliza pamoja na jirani yake, simu, pasi, deki, na maana inatoka kwa jirani. Run inafanya hivo hivo. Hilo likae kichwani maana ntalirudia.

Sasa tuje kwenye kosa lenyewe, ambalo sio lako, ni la shule. Tulifundishwa run ni kimbia, tukaandika ubaoni, tukachora mtoto anakimbia, basi. Kimbia ni mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi, na ni mlango unaopotosha, kwa sababu kimbia yetu ina kitu ambacho run peke yake mara nyingi haina. Kimbia yetu imebeba mbio, lakini imebeba na kutoroka. Tunasema watu wamekimbia vita, fulani kakimbia madeni, mume kamkimbia mke, na aliyekimbia kwao ni mkimbizi. Mwingereza akitaka hiyo ya kutoroka mara nyingi anaongeza kitu, anasema "run away".

Na hapa ndo aibu yangu. Miaka ile naanza ukalimani niliitwa hospitali moja, familia imekaa, daktari anaongea taratibu kabisa akasema saratani ya aina ile "runs in the family". Mi nikageuka kwa wale ndugu nikasema, daktari anasema saratani inakimbia kwenye familia yenu. Mama mmoja mtu mzima akainua mikono juu, alhamdulillah, na wengine wakaitikia. Daktari akanitazama, mi nikamtazama. Kwa Kiswahili nilichokuwa nimesema ni kwamba saratani imewaogopa inaondoka. Ilibidi nirudi nyuma niombe radhi niseme samahani, anamaanisha ni ugonjwa wa ukoo, unarithiwa, umo kwenye damu. Ule ukimya uliofuata bado naukumbuka. Toka siku hiyo sijawahi tena kuifungua run kwa ufunguo wa kimbia kabla sijaangalia kwanza pembeni kuna nini.

Ufunguo unaofaa ni upi basi? Ni kutiririka na kwenda. Kiingereza cha zamani sana kilikuwa na neno rinnan, maana yake ilikuwa kukimbia na pia kutiririka kama maji, na Wajerumani mpaka leo wana ndugu yake, rinnen, ambalo kwao ni kutiririka. Maji yamo kwenye hili neno toka mwanzo, sio mapambo yaliyoongezwa baadaye. Ukilijua hilo sentensi zako nusu zinajifungua zenyewe. "His nose is running", kamasi zinatoka, zinatiririka. "The tap is running", bomba linatoka maji, mtu kasahau kufunga. Kule kwenye chumba cha kufulia ukisikia "the colour has run" ujue nguo imechuja, ile shughuli ya kanga mpya kufuliwa pamoja na shati jeupe, sisi tunasema imechuja wao wanasema rangi imetiririka. Hata saratani ya ukoo ni hiyo hiyo, kitu kinatiririka kutoka kwa bibi kwenda kwa mama kwenda kwa mtoto.

Na "run a bath" sasa unaiona, tiririsha maji ya kuoga, yaani fungua bomba ujaze bafu. Hakuna mbio hapo, tena afadhali uende polepole maana hiyo ni kazi ya kuangalia kipimo, huko Uingereza maji ya kumwingiza mzee mwili mzima hayatakiwi kuzidi nyuzijoto 44, na ngozi ya mzee inaungua haraka kuliko ya kwako. Wakikwambia "run a bath" wanachotaka ni bafu lenye maji yaliyopimwa kwa kipimajoto. Kupima kwa kiwiko kunasaidia, ila hakuandikwi kwenye karatasi.

Ila utaniuliza, rinnan ni maji yanayotiririka yenyewe, mbona hapa mi ndo nayatiririsha? Swali zuri, na jibu lake ndo kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hili neno. Kiingereza cha zamani kilikuwa na vitenzi viwili. Kimoja hicho rinnan, kitu kinakwenda chenyewe. Kingine kilikuwa ærnan, na hicho kimezaliwa kutoka kwenye shina hilo hilo kwa namna ya kufanya kitu kiende, kama mtu kumwendesha farasi mbio. Yaani walikuwa na enda na endesha yao. Sisi tunayo mpaka leo, enda endesha, pita pitisha, rudi rudisha, ukisikia ile sha unajua kuna mtu nyuma anasukuma. Wao karne zikapita miisho ya maneno ikakatika katika, hivi vitenzi viwili vikagongana vikawa kimoja, run, na ile sha yao ikapotea. Kwa hiyo leo wanasema "the bus runs every hour" basi linakwenda kila saa, na "he runs the bus" yeye ndo anaendesha huo usafiri, neno ni lile lile halijabadilika hata herufi.

Utajuaje sasa ni enda au endesha? Angalia kama baada ya run kuna kitu kinachoendeshwa. "The machine is running", baada yake hamna kitu, basi mashine inatembea yenyewe, iko on. "Run the machine", kuna kitu, iwashe, iendeshe. "She runs the place", yeye ndo anaiendesha hiyo nyumba, ni meneja, heshima ziongezeke. Kwa sababu huko kazini mna mashine za kufua na ile mashine ya kumnyanyulia mgonjwa kitandani, hii familia ya endesha utaisikia asubuhi mpaka jioni. Na ndo iliyoongeza maana nyingi zaidi zama za viwanda, treni, injini, sasa kompyuta, kila chombo kipya kikija wanakiambia run.

Alafu sasa twende kwa mzee wako wa "the runs". Ulikasirika nadhani, ukasema hawa watu wana wazimu, kuhara na kukimbia wapi na wapi. Dada, nyumbani mtoto akiharisha bibi yako anasemaje? Anasema mtoto anaendesha. Tumbo la kuendesha. Dawa ya kuendesha. Neno lile lile la gari na la biashara, tumelipeleka tumboni, na hujawahi kulishangaa hata mara moja. Ulichokosa siku ile ni mtu wa kukwambia kwamba run ni ndugu wa endesha, sio kimbia, ungeelewa papo hapo.

Na hilo la kuharisha tusilipite kwa kicheko, kwenye kazi yako sio utani. Kuharisha kwenye nyumba ya wazee kunaweza kuwa ugonjwa wa kuambukiza unaoruka chumba hadi chumba, na mfanyakazi anayeharisha au kutapika anatakiwa akae nyumbani mpaka yapite masaa 48 toka dalili ziishe. Ukiielewa vibaya sentensi kama hiyo unaweza ukamtoa mzee akae na wenzake mezani. Jambo lingine, "the runs" ni neno la mdomoni, la watu wakiwa jikoni wanapiga stori. Kwenye daftari la mgonjwa usiliandike. Andika "loose stools" na namba ya kwenye chati ya Bristol, ile ya kupanga aina za kinyesi, ambayo bila shaka imebandikwa chooni hapo kazini, aina 1 mpaka 7, ile ya 6 na ya 7 ndo kuharisha, 7 ni maji matupu.

Kundi jingine linalokusumbua ni la kuisha na kuchelewa, na hapa ndo sehemu ya kukariri kidogo kwa sababu vijineno vinavyofuata vinabadilisha kila kitu. "Running low on gloves", glavu zimebaki chache. "Running out of gloves", zinaisha, bado zipo ila kimbilia stoo. "We've run out", hamna, zimekwisha. Watu wanazichanganya hizi tatu na tofauti yake ni kubwa, fikiria ni dawa badala ya glavu. Angalia pia umbo, ni run, ran, halafu baada ya have linarudi kuwa run, usije ukaandika have ran japo utawasikia hata wenyeji wakikosea, wao hawasahihishwi ila we utasahihishwa, ndo dunia. "Running late" nimechelewa au ntachelewa, hata mtu aliyekaa kwenye basi lililokwama anasema hivyo, miguu haihusiki. "The meeting ran over", kikao kimezidi muda. Lakini mtu akiwa "run over" kagongwa na gari, kwa hiyo usikimbilie kusema pole kabla hujaangalia nani au nini kimetajwa, kikao hakigongwi na gari.

"Run it by me" ni tamu ukiiona picha yake. By ni pembeni, kando. Yaani pitisha hilo jambo mbele yangu kwanza nilione, nishirikishe kabla hujafanya. Mkubwa wako akikwambia hivo ujue bado hajatoa ruhusa, wengi wanadhani ni ndiyo. "Run me through it" ni nipitishe hatua kwa hatua, mwanzo mpaka mwisho. "Run down" ukimsikia bibi anajisikia hivo, mwili umechoka, betri imeisha, liandike kwenye daftari lake. "Running a temperature", ana joto, kapime. Hizi nyingine za "run into" kukutana na mtu bila kutegemea, na "run for" kugombea uongozi, hizo zitakuja zenyewe ukiangalia habari, na Waingereza wenyewe wa zamani kugombea wanasema "stand", wamarekani ndo wanakimbia. Sisi tunagombea, kila mtu na tabia yake.

Sasa njia gani ufuate, niwe mkweli. Programu ya kutafsiri kwenye simu inasaidia ukiipa sentensi nzima, ukiipa neno run peke yake itakupa kimbia na utarudi kulekule bafuni. Kukariri kunafaa kwa zile zenye vijineno, out, over, by, down, ishirini tu za kazini kwako zinakutosha mwaka huu, zilizobaki za Gilliver muachie Gilliver. Ninachokushauri ununue daftari dogo la mfukoni, ukisikia sentensi yenye run iandike nzima, nani kasema, na nini kilitokea baada ya hapo. "Run a bath, kiongozi wa zamu, nilisimama bafuni kama mlingoti." Hiyo hutaisahau mpaka unazeeka. Na kila ukiisikia jiulize haraka haraka, anayefanya ni mtu, maji, mashine au muda, baada yake kuna kitu, na kuna kijineno gani. Njia hii haitakupatia zote, kuna siku itakudanganya, ila siku nyingi itakufikisha.

Kuna mahali daftari halitoshi. Maelekezo yakihusu dawa, kumnyanyua mtu, au chakula cha mgonjwa anayepaliwa na hujaelewa, simama hapo hapo uulize, sema "Sorry, do you mean" halafu useme ulichoelewa kwa maneno yako. Usiogope kuonekana hujui, anayeuliza hafukuzwi kirahisi kama anayekosea. Ukiona kwenye maandishi unaelewa ila kwenye masikio maneno yanapita tu, shida sio maana, ni lafudhi ya hapo ulipo na kasi, na hapo unahitaji mtu wa kukaa naye uso kwa uso. Vyuo vingi vya huko vina madarasa ya Kiingereza kwa wageni, yanaitwa ESOL, ulizia cha karibu na kuna wanaosoma bure kutegemea hali yako. Kama hata Kiswahili kwenye simu unaomba watu warudie, nenda kwa daktari wapime masikio, nasema kwa upendo, watu huwa wanalaumu lugha miaka. Na kwenye mkataba wako ukikutana na "runs until" na tarehe, huo ndo mwisho wa mkataba, kama kuna kitu pembeni hukielewi usisaini kwanza, wapelekee Citizens Advice, shirika la kushauri wananchi, au chama cha wafanyakazi wakusomee, hawa wa kwanza hawatozi hela.

Miaka 38 haina neno. Watoto watakushinda lafudhi, hilo kubali, ila kwenye kuunganisha maana mtu mzima mwenye lugha mbili tatu kichwani ana mtaji ambao mtoto hana, si umeona endesha ilivyokusubiri kwa bibi yako miaka yote hiyo.

Na siku kiongozi wa zamu akirudi na lile la bafu kwa yule bibi wa chumba cha mwisho, mjibu hivi: "I'll run it now. How warm does she like it?" Hapo run yako ina it baada yake, ni ile ya endesha, na bibi ataulizwa anapenda maji ya joto gani, jambo ambalo naambiwa hupenda sana kuulizwa.